Homa Iliyopumzika Siku ya Ijumaa

Nawasalimu, ndugu zangu, kwa jina la Bwana anayetupa pumzi bila kutupimia. Kabla sijaeleza alichonitendea, nataja kwanza waliokuwepo siku ile, kwa sababu ushuhuda usio na mashahidi ni hadithi tu.

Alikuwepo Mama Hadija, Mmalakote wa kando ya mto Tana, aliyekuwa akipura mahindi kushoto kwangu. Alikuwepo mnyapara wa ghala, mtu mwembamba ambaye kila mmoja alimwita Dere, maana yake Mrefu; jina alilopewa na babake sikuwahi kulijua. Alikuwepo Koplo Simiyu, askari wa lango. Walikuwepo wadogo zangu wawili: Mbete, mwenye miaka kumi na mmoja, na Ndinda, mwenye miaka mitano, ambaye alikuwa amelala juu ya magunia. Nilikuwepo mimi, Mwende, wa miaka kumi na sita. Na alikuwepo Edo Dahabo, mama wa Kisomali, pamoja na mbuzi wake mweupe aitwaye Adey. Mbuzi huyo nimemtaja kwa makusudi.

Ndugu zangu, ilikuwa miaka ya vita vya shifta, waasi wa Kisomali waliopigana na serikali kaskazini. Mama yetu alikuwa amefariki siku aliyozaliwa Ndinda. Baba alikuwa utingo wa lori lililopeleka sukari na mafuta ya taa Wajir. Siku moja, kabla hawajafika Habaswein, lori lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Tuliletewa kofia yake na kiatu kimoja. Wajomba zetu walituma ujumbe kutoka Kitui kwamba wamekubali kutuchukua, huyu kwa huyu, yule kwa yule. Nikakataa. Nilimwambia aliyeleta ujumbe kwamba sisi si nyama ya kugawanywa. Nikaacha shule darasa la tano, nikatafuta kazi Garissa.

Kazi niliyoipata ilikuwa ndani ya kijiji cha ulinzi, nje kidogo ya mji. Serikali ilikuwa imewakusanya watu wa porini mahali pamoja, ikazungusha ua wa miba na waya, ikaweka lango na mnara wenye bunduki. Aliyetoka bila ruhusa alihesabiwa kuwa shifta, akapigwa risasi. Wengi waliingizwa mle kwa amri. Mimi niliingia kwa njaa.

Ndani ya ua palikuwa na ghala la mabati la mfanyabiashara aliyelisha kijiji. Mahindi yake yalitoka mashamba ya mtoni, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mama Hadija alinieleza. Kwao, mahindi yakivunwa huwekwa darini, juu ya moto wa jikoni, na moshi huyakausha mwezi mzima. Mwaka ule watu wa mtoni waliamriwa kuhama mahindi yakiwa bado mabichi. Wakayavuna hivyo hivyo, wakayatia maguniani. Yalipofika kwetu na kufunguliwa, mengine yalikuwa yameshikamana kama mkate, meusi na ya kijani, na ukiyagusa yanatoa unga kama wa ugoro.

Tulijaza mahindi kwenye gunia, tukalifunga mdomo, tukalipiga kwa rungu mpaka punje zitoke. Kisha tukamwaga na kupepeta kwa ungo. Na mlango umefungwa! Mwenye ghala hakutaka upepo uchukue punje hata moja. Vumbi lilipanda mpaka kwenye mabati, likakaa hapo, likatushukia polepole kutwa nzima. Tulipotoka jioni, kope zetu zilikuwa za kijani. Ujira wetu ulikuwa kopo moja la chenga kwa siku. Kopo hilo ndilo lililotufanya watatu tuendelee kuitwa nyumba moja.

Sasa nawaambieni kosa langu, ndugu zangu, na silifichi. Sikuwa na mtu wa kumwachia Ndinda. Mbete alikuwa akisaidia kushika magunia, kwa hiyo kila asubuhi niliingia ghalani nikiwa nimembeba mdogo wangu mgongoni. Sakafu ilikuwa ya mawe. Nikatafuta mahali laini kuliko pote, nikamtandikia magunia matupu tuliyokwisha kupuria mahindi. Akilala, niliona raha. Nilijiambia kwamba baba angeona jinsi ninavyomtunza, angefurahi.

Haikupita muda, homa ikaanza. Ilikuja jioni, baada ya kazi: baridi, mifupa kuuma, kifua kubana, kikohozi kikavu. Sote tuliipata, lakini kwa Ndinda ilikuwa kali zaidi. Tulisema ni malaria. Tulimeza vidonge vichungu kutoka zahanati. Alipowahi kutetemeka kabla hatujatoka ghalani, nilimfunika kwa gunia lingine. Nilipiga magoti pale pale, nikamwomba Mungu amtume daktari. Niliomba hivyo kila siku kwa miezi miwili.

Na kwa miezi hiyo miwili, kila asubuhi, kulikuwa na mtu mmoja aliyenisalimu, na mimi sikumwitikia.

Edo Dahabo alipura mahindi hatua mbili kutoka kwangu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono mirefu na kovu kwenye kidevu. Nyumbani kwao, upande wa Eldas, alikuwa na ngamia na mbuzi wasiohesabika kwa vidole. Vita vilimtenganisha na watu wake, mume akafa, mifugo ikachukuliwa, akabaki na Adey peke yake. Watu wote walimwita Edo, yaani shangazi. Mimi sikumwita chochote. Waliofukia lile bomu walisema lugha yake, na hilo lilinitosha. Akisema, “Abaayo,” yaani dada, “umeamka salama?” mimi nageuza uso ukutani. Kesho yake ananisalimu tena. Hakupandisha sauti, hakuchoka. Nimekaa kanisani miaka mingi, nimesikia mahubiri mengi juu ya subira, lakini bado namkumbuka yeye kwanza.

Ikafika siku ile, ilikuwa Jumamosi. Ijumaa ghala hufungwa kwa ajili ya sala. Zamani Ijumaa Ndinda alikuwa akipata nafuu, hata acheze. Wiki ile hakupata. Nilimleta Jumamosi akiwa mzito kama mtu mzima, midomo yake ina rangi ya majivu. Nikamlaza mahali pake, nikamfunika, nikaanza kupiga rungu. Nifanye nini? Nisipopiga, hakuna kopo.

Adey alikuwa amemfuata bibi yake mlangoni, kama kawaida. Dere alikuwa na mchezo wa kumtupia konzi ya mahindi ili aondoke. Siku ile alimtupia yale yaliyofagiwa chini. Mbuzi akanusa, akapiga chafya, akarudi nyuma. Dere akacheka.

“Edo, mbuzi wako amekuwa mke wa DC. Hataki chakula cha watu.”

Edo Dahabo aliweka rungu chini. Alimtazama mbuzi kwa muda mrefu. Kisha akaja moja kwa moja kwa Ndinda, akapiga magoti, akanusa nywele zake, akanusa lile gunia, akalikung'uta mara moja. Wingu la kijani likatoka.

“Abaayo,” aliniambia, “mtoto ananuka kama gunia.”

Nilikasirika. Neno langu la kwanza kwake lilikuwa: “Ana malaria. Usimguse.”

“Malaria?” Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini hakikumpungukia. “Mimi nimehesabu. Jumamosi jioni homa. Jumapili homa. Mpaka Alhamisi homa. Ijumaa hakuna. Niambie, abaayo, malaria gani hii inakwenda msikitini Ijumaa?”

Mama Hadija aliacha kupepeta. Mimi nikahesabu moyoni, wiki baada ya wiki, nikaona ni kweli. Alikuwa amezihesabu siku za mdogo wangu, yeye niliyemnyima hata salamu.

“Hii fumbi ndiyo ugonjwa,” alisema. “Mbuzi amekataa kula, wewe umelaza mtoto juu yake.”

Ndugu zangu, maneno hayo yaliniingia mpaka leo hayajatoka. Nilimnyanyua Ndinda. Alikuwa akivuta pumzi kwa shida, kama mtu anayevuta kamba kisimani.

Edo Dahabo alikwenda akaufungua mlango wote. Dere akaruka.

“Funga! Mwenye mali akija atanifukuza mimi, si wewe.”

“Akufukuze upesi, upate kuishi.”

“Edo, nakwambia kwa heshima, funga mlango.”

“Dere, mwanangu, umekuwa mrefu kwa ajili gani kama huoni hata fumbi juu ya kichwa chako?”

Kelele zilimvuta Koplo Simiyu kutoka langoni. Alikuwa mtu mnene wa kutoka magharibi, mwenye sauti kubwa, na wengi wetu tulimwogopa. Edo Dahabo hakungoja aulize. Alimwambia kwamba mahindi haya lazima yapurwe nje ya ua, kwenye uwanja ulio wazi karibu na mto, upepo ukivuma alasiri. Ndani ya kijiji nyumba zilikuwa zimebanana. Vumbi likitolewa ghalani lingeingia kwenye nyumba za watu.

“Nje ya ua?” Koplo alisema. “Unataka kwenda kwa mume wako porini?”

“Mume wangu yuko kaburini. Wewe ukitaka kumsalimia, ingia ghala hii, kaa.”

Koplo alimkazia macho. Hakuna aliyewahi kumjibu hivyo.

“Ingia,” Edo Dahabo alisema tena, kwa upole. “Mimi nitasoma Yasin hapa mlangoni. Ukikaa mpaka nimalize, nitafunga mdomo, sitasema tena.”

“Hiyo Yasin ni ndefu?”

“Ukiwa na pumzi, fupi.”

Askari hakutaka kuonekana mwoga mbele ya wanawake. Akaingia. Edo Dahabo akamwambia Dere apige gunia kama tulivyopiga sisi kila siku, akaurudisha mlango, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Sisi tulikuwa nje. Nilimshika Ndinda kifuani, nikasikia rungu likipiga ndani, na mimi Mkristo, mtoto wa aliyeuawa na bomu, nikawa namwomba Mungu yule mama asikosee hata neno.

Yasin haikufika nusu. Mlango ulifunguka kwa kishindo, Koplo akatoka ameinama, machozi na kamasi vinamtoka, akakohoa mpaka kofia ikaanguka. Nyuma yake akatoka Dere, kichwa kimejaa unga wa kijani, anakohoa na yeye. Alikuwa mnyapara, kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni. Nadhani alikuwa hajawahi kupiga gunia zima kabla ya siku ile.

Koplo alipoinua uso, alichokiona kwanza ni Ndinda. Mdomo wa kijivu, mbavu zinaingia na kutoka.

“Huyu mtoto anakaa humo kutwa?” aliuliza.

“Kutwa,” nilisema. “Miezi miwili. Mimi ndiye ninayemlaza humo.”

Akaokota kofia yake, akaikung'uta vumbi. Kisha akasema kwamba hana amri ya kufungua lango.

“Na hapa ndani ulikuwa na amri ya kukaa,” Edo Dahabo alimwambia. “Nani alikupa amri ya kutoka?”

Mama Hadija akacheka katikati ya kikohozi, na hata Koplo akashindwa kujizuia. Lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Askari wa mnarani hawakujua lolote, na kazi yao ilikuwa kumpiga yeyote atakayevuka ua. Koplo alikwenda akawapigia kelele na kuwapungia mkono. Alirudi akasema: kutoka alasiri mpaka jua linapokaribia kutua, hatua mia moja, si zaidi, na wale wa juu, alisema, hawajakubali kwa moyo mmoja.

Lango likafunguliwa. Hakuna aliyesogea. Mama Hadija alitazama mnara, mimi nikatazama mnara, Mbete akajificha nyuma yangu.

Edo Dahabo alichukua ungo, akatoka. Hakuwa na kitu cha kumkinga ila ungo ule, na ungo una matundu. Hakukimbia, hakunyata, alitembea kama mtu anayekwenda kukamua. Adey alimfuata, kengele ya mti ikigonga shingoni. Alipofika hatua kama thelathini, bunduki mnarani ikageuka kumfuata. Niliiona. Alisimama, akageuka kutuelekea, akaita:

“Abaayo, lete mtoto. Upepo uko huku.”

Hapo Koplo Simiyu akaweka kofia yake kichwani, akatoka akaenda kusimama baina yake na mnara. Na mimi nikatoka. Nilimbeba Ndinda kifuani, Mbete ameshika nguo yangu, na Mama Hadija nyuma na gunia la kwanza.

Edo Dahabo alimweka Ndinda upande upepo unakotoka, mbali na mahindi, juu ya shuka lake mwenyewe. Akatufundisha kazi upya. Upepo uwe mgongoni, ungo uelekee upepo unakokwenda. Nguo yenye maji puani na mdomoni. Yaliyoshikamana na yenye rangi yasipigwe kabisa, yachaguliwe kwa mkono na kufukiwa. Mchunga mifugo, ambaye kwao hawalimi hata bua moja, akawafundisha watu wa shamba jinsi ya kupura. Tulipomuuliza amejuaje, alisema, “Mbuzi kila siku anasimama mgongo kwa fumbi. Sisi tuna akili ndogo kuliko mbuzi?”

Jioni ile Ndinda alipata homa. Ya kesho yake ilikuwa ndogo. Lakini mwili ulikuwa umeisha, hakuweza kumeza uji. Asubuhi ya tatu Edo Dahabo alikuja kwenye kibanda chetu na kikombe cha maziwa ya Adey, bado yana joto. Aliniambia, “Abaayo, umeamka salama?”

Nikamwitikia. Nikasema, “Nimeamka salama, Edo.” Na nikalia, ndugu zangu. Nililia kwa ajili ya baba, nilikuwa sijamlilia. Yeye alikuwa akimnywesha mtoto kwa ncha ya kidole.

Kikombe kile kilikuja kila asubuhi. Yalikuwa ndiyo maziwa yote aliyokuwa nayo duniani. Baada ya wiki kadhaa Ndinda alisimama. Baadaye akakimbia. Leo ana wajukuu, na ameketi hapa mstari wa pili. Simwombi asimame kwa sababu hapendi. Mama Hadija hakupona sawasawa. Kikohozi kile alikwenda nacho mpaka mwisho wake. Na Dere, ambaye mwenye ghala alimfukuza kweli, alichukua ungo akapepeta pamoja nasi, mrefu kuliko wote, makapi yakipita chini ya kidevu chake.

Miaka mingi baadaye afisa wa kilimo alikuja kuzungumza nasi, akatuonyesha mahindi ya kijani kama yale. Akasema kuvu ile hutoa sumu, inaitwa sumukuvu, na mtu huipata kwa kula, na pia huivuta pamoja na vumbi anapopura mahali pasipopita hewa. Watu waliandika. Mimi sikuandika. Nilikuwa nimekwisha kufundishwa.

Vita vilipotulia na lango likaachwa wazi, Edo Dahabo alipata habari za ndugu zake, akajiandaa kurudi Eldas. Asubuhi ya kuondoka alikuja na Adey, akanipa kamba mkononi. Nilimwambia siwezi, huyu ndiye mali yake yote. Akaniambia kwao ni desturi: mwenye mnyama wa maziwa humwazima asiye naye, na huyo akamue mpaka watoto wake wapate nguvu, kisha amrudishe.

“Huyu mdogo bado mwembamba,” alisema. “Nirudishie akizaa. Mama na mtoto wake. Si zawadi, usisahau. Ni mkopo.”

Akapanda lori. Alinipungia mkono mara moja tu, kisha akashika turubai.

Ndugu zangu, kama kuna mtu hapa anayeomba na haoni jibu, mtumaini Mungu, halafu tazama kando yako. Mimi nilimwomba anitumie daktari, naye alikuwa ameshanijibu kabla sijamaliza sala, hatua mbili kutoka nilipopiga magoti. Itikia salamu ya jirani yako. Usichague jibu la Mungu litoke kabila gani. Namshukuru yeye aliyetutoa sote watatu, bila kugawanyika, na aliyenitoa mimi katika chuki ambayo ingenimaliza hata kama kifua kingepona.

Adey alizaa miezi minne baada ya lori kuondoka: mtoto jike, mweupe kama yeye. Nilituma habari kwa kila aliyekwenda Wajir. Nilikwenda mwenyewe mpaka Eldas, mara mbili, nikauliza visimani. Kila niliyemuuliza alimjua Dahabo fulani, na hakuna aliyekuwa yeye. Adey alikufa kwa uzee mikononi mwangu. Binti yake akazaa, na binti wa binti yake. Katika zizi langu wako wengi, ninauza na kuchinja kama watu wengine. Lakini siku zote kuna wawili, mama na mtoto wake, wa ukoo wa Adey, ambao nimewakata sikio la kushoto kwa alama ile ile aliyokuwa nayo yeye. Hao hawauzwi. Maziwa yao nayakamua, kwa sababu aliniruhusu. Wenyewe si wangu.

Wako nyumbani sasa hivi, wamefungwa karibu na mlango. Yeyote atakayeondoka hapa kwenda njia ya Eldas, naomba apite kwangu kwanza nimweleze lile kovu la kidevuni. Akimpata, au akimpata mwanawe, amwambie kwamba mbuzi wake alishazaa.